Benki Kuu Ikishika Funguo za Benki Yako

Tarehe 13 Oktoba 2015 wateja wa Imperial Bank ya Kenya walikuta milango imefungwa na tangazo limebandikwa. Mkurugenzi mkuu wa benki hiyo alikuwa amefariki Septemba, mwezi mmoja tu kabla. Waliobaki walipofunua vitabu walikuta mambo yasiyosemeka, bodi ikaenda yenyewe Benki Kuu kueleza. Mwaka huohuo benki ilikuwa imeruhusiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kuuza hatifungani za shilingi bilioni 2 za Kenya, na wawekezaji wakazinunua. Wakaguzi walikuwa wamekagua, wasimamizi wamesimamia, magazeti yamechapisha hesabu zenye faida. Hakuna mteja wa kawaida aliyekuwa na sababu ya kulala macho.

Hoja yangu katika makala haya ni moja. Benki kuu inapoingilia kati, kazi yake ya kwanza ni kuzuia moto usihamie benki za jirani. Fedha zako zitaokoka au zitakwama kulingana na mahali ulipoziweka, kiasi chake na jina lililoandikishwa, na hayo yote uliyaamua kabla ya siku ile. Ukishaona tangazo mlangoni, maamuzi mengi yameshakupita. Ndiyo maana ushauri mkubwa hapa unamhusu mtu ambaye benki yake bado ni nzima.

Kwanza tuone jinsi mambo yanavyokwenda. Kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016 Kenya ilifunga benki tatu, na kila moja ikapata mwisho wake. Dubai Bank iliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kisheria, tarehe 14 Agosti 2015. Siku kumi baadaye ikaamuliwa ifilisiwe. Chase Bank ilifungwa tarehe 7 Aprili 2016, lakini tarehe 27 ya mwezi huohuo matawi yake yalifunguliwa upya chini ya usimamizi wa benki ya KCB, na wateja wakaruhusiwa kuchukua hadi shilingi milioni 1. Imperial ilikaa chini ya mrasimu miaka sita. Wateja wadogo walianza kulipwa Desemba 2015 kupitia KCB na Diamond Trust Bank, hadi shilingi milioni 1 kila mmoja, ingawa kikomo cha bima ya amana wakati huo kilikuwa shilingi 100,000 tu. Wenye zaidi ya hapo waliendelea kungoja mafungu. Mwaka 2020 KCB ilichukua sehemu ya mali na madeni ya benki hiyo, na Desemba 2021 kilichobaki kikapelekwa kwa mfilisi.

Benki Kuu ilikuwa ileile, gavana alikuwa yuleyule, Patrick Njoroge, na sheria ilikuwa ileile. Kwa nini hatima zikatofautiana hivyo? Nikizitazama benki hizi tatu naona mambo mawili yanayoamua. La kwanza ni kama vitabu vinaaminika. Imperial ilikuwa na hesabu mbili, moja ya kuonyesha watu na nyingine ya kuficha, na mnunuzi hawezi kupanga bei ya kitu asichokijua. La pili ni kama kuna mtu anayeitaka benki hiyo. Chase ilikuwa na matawi mazuri, wateja vijana na jina lililopendwa na wafanyabiashara wadogo. Benki ya SBM ya Mauritius ikajitokeza, na mwaka 2018 ikachukua asilimia 75 ya amana zilizokuwa zimezuiwa, ikawapa wateja kwa awamu. Asilimia 25 iliachwa katika Chase ya zamani, ambayo baadaye ilifilisiwa. Hivyo hata benki iliyopata mchumba haikumrudishia kila mteja kila senti kwa wakati.

Tanzania nayo ina mafunzo yake. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilifuta kwa mkupuo leseni za benki tano ndogo: Covenant Bank for Women, Efatha Bank, Njombe Community Bank, Kagera Farmers' Cooperative Bank na Meru Community Bank. Zilikuwa na upungufu mkubwa wa mtaji, na Bodi ya Bima ya Amana ikateuliwa kuwa mfilisi. Tarehe 2 Agosti mwaka huohuo Benki Kuu ikaiweka Bank M chini ya usimamizi wake kwa sababu ya ukosefu mkubwa wa ukwasi, yaani fedha za kuwalipa wateja, huduma zikasimama, na Januari 2019 ikatangazwa kwamba mali na madeni yake yanahamia Azania Bank. Kabla ya hapo, Twiga Bancorp, benki ya serikali iliyochukuliwa na Benki Kuu Oktoba 2016 mtaji wake ukiwa umeshakuwa hasi, iliunganishwa na Benki ya Posta Mei 2018. Mkulima wa Kagera aliyekuwa na vijisenti vyake katika benki ya ushirika aliishia kwa mfilisi. Kampuni iliyokuwa na akaunti Bank M ilihamishiwa benki nyingine. Kisheria kila uamuzi una sababu zake, nami sisemi kuna hila. Nasema tu kwamba benki ikiwa kubwa, na wenye amana nono wakiwa wengi ndani yake, watu hutafuta njia ya kuihamisha badala ya kuizika. Kama akiba yako iko katika benki ndogo ya jamii, usitegemee kwamba itapewa subira hiyo.

Ipo njia nyingine ambayo mteja haioni, nayo ni mkopo wa dharura. Benki yaweza kuwa na mali nyingi kuliko madeni lakini imekaukiwa fedha taslimu kwa sababu wateja wote wamekuja siku moja. Hapo benki kuu huikopesha, kwa dhamana, hadi upepo upite. Chase ilipofungwa na hofu kuanza kuenea, Benki Kuu ya Kenya ilitangaza hadharani kwamba ingetoa fedha kwa benki yoyote itakayobanwa pasipo kosa lake. Zingatia maneno hayo ya mwisho. Yanatenganisha benki iliyoshikwa na hofu ya watu na benki iliyokula mtaji wake. Ya kwanza hukopeshwa, ya pili hufungwa au huuzwa. Kwa hiyo ukisikia benki fulani imekopa Benki Kuu, hiyo peke yake si sababu ya kukimbia. Kukopa Benki Kuu kwa siku chache ni jambo la kawaida katika biashara ya fedha.

Tuje kwenye mfuko wako.

Jambo la kwanza kulijua kwa moyo ni kikomo cha bima ya amana. Kenya ni shilingi 500,000 tangu Julai 2020. Tanzania kilikuwa shilingi milioni 1.5 kwa miaka mingi, kikapandishwa hadi milioni 7.5 mwaka 2023. Uganda ni shilingi milioni 10 za huko. Mchango wa bima hulipwa na benki, huhitaji kujiandikisha wala kununua chochote. Lakini watu wengi huelewa vibaya kikomo hiki. Kinahesabiwa kwa mteja mmoja katika benki moja. Ukiwa na akaunti ya akiba Kariakoo, ya biashara Mwanza na amana ya muda maalumu Arusha, zote katika benki ileile, zinajumlishwa na unalindwa mara moja. Kugawa fedha katika matawi ni kujidanganya. Gawa katika benki tofauti, zenye leseni tofauti. Na hapa jicho liwe kali: benki zikiungana, wewe uliyekuwa na akaunti mbili salama unajikuta na mfuko mmoja unaozidi kikomo. Kila muungano unapotangazwa, rudia hesabu yako.

Jambo la pili ni deni. Ukiwa na mkopo katika benki ileile, deni huondolewa kwanza, ndipo fidia hukokotolewa. Mwenye amana ya milioni 7 na mkopo wa milioni 5 asitarajie milioni 7. Na kinyume chake, benki kufungwa hakufuti mkopo. Nimesikia watu wazima, tena wasomi, wakisema kwa furaha kwamba "mkopo umekufa na benki". Haufi. Mfilisi au mnunuzi anaurithi pamoja na hati ya nyumba yako, na kwa kawaida yeye ni mkali kuliko meneja uliyezoea kunywa naye chai. Endelea kulipa, na omba risiti kila mara.

Vikundi vina hatari ya pekee. VICOBA au chama cha watu thelathini kikiwa na akaunti moja kinaweza kuhesabiwa kama mteja mmoja. Kikiwa na milioni 30, na kikomo ni milioni 7.5, fanyeni hesabu wenyewe. Mweka hazina aende benki aulize swali hili kwa maandishi, na jibu liletwe kikaoni. Kama jibu si la kuridhisha, fungueni akaunti ya pili kwingine. Usumbufu wa kuweka saini mahali pawili ni mdogo mno ukilinganisha na kueleza wajane na mafundi kwa nini hakuna mgao mwaka huu.

Wenye biashara wana tatizo ambalo bima haiwezi kulitatua, kwa sababu shida yao ni muda. Huduma za Bank M ziliposimama, hata mtu ambaye baadaye alipata akaunti yake Azania alikuwa na mishahara ya mwezi ule, kodi ya Mamlaka ya Mapato (TRA) na mizigo bandarini. Duka la jumla, shule binafsi au kiwanda kidogo kinachopitisha kila kitu katika benki moja kinaweza kufa kikiwa tajiri kwenye karatasi. Ushauri wangu ni kuweka mishahara ya walau mwezi mmoja na ushuru unaojulikana katika benki ya pili, hata kama riba yake ni ndogo. Akaunti hiyo iwe hai, itumike mara kwa mara, na wenye kuweka saini wawe wameshaandikishwa. Akaunti iliyolala miaka miwili haitakufaa siku ya dharura.

Akiba haiozi, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini si kila kinachoitwa akiba kina ulinzi uleule, na hapa ndipo wengi huumia bila kujua walichokuwa wamenunua. Amana ya muda maalumu ni amana, inaingia kwenye bima hadi kikomo, ila riba kubwa haikupi nafasi ya mbele kwenye foleni. Hatifungani ya benki ni kitu kingine kabisa, kwani umeikopesha benki, huna amana. Chase iliuza hatifungani za shilingi bilioni 4.8 mwaka 2015, chini ya mwaka mmoja kabla ya kufungwa, kwa riba iliyozidi asilimia 13. Walionunua hawakuwa na bima yoyote. Hisa za benki ndizo za mwisho kabisa, na mwenye hisa hulipwa kama kuna kilichobaki, na mara nyingi hakibaki. Afisa wa benki akikushawishi "uhamishe akiba" kwenda kwenye bidhaa yenye riba tamu zaidi, muulize swali moja tu: je, hii inalindwa na bima ya amana? Akizungukazunguka, umepata jibu.

Kwa upande mwingine, ukinunua dhamana za serikali kupitia benki, dhamana hizo zimeandikwa kwa jina lako katika daftari la Benki Kuu. Benki iliyokununulia ikifungwa, dhamana haiendi nayo. Kwa mtu mwenye fedha nyingi kuliko kikomo na asiyetaka kufungua akaunti tano, hii ni njia nzuri. SACCOS hazimo kabisa katika bima hii ya mabenki, na kashfa ya KUSCCO iliyolipuka Kenya mwaka 2024, ambapo mabilioni ya shilingi za vyama vya akiba na mikopo yalipotea katika chama chao mama, inatosha kuwafanya wanachama waulize viongozi wao fedha za ziada za chama zimewekwa wapi. Salio la simu huwekwa na kampuni katika akaunti za wadhamini kwenye mabenki. Ni mahali pazuri pa matumizi ya wiki, na sioni sababu ya kuweka ada ya mwaka mzima pale.

Je, mtu wa kawaida anaweza kuona dalili mapema? Kidogo, ndiyo. Kila robo mwaka benki hulazimika kuchapisha hesabu zake gazetini, zile kurasa zenye maandishi madogo ambazo wengi hufungia maandazi. Tazama mikopo chechefu kwanza, yaani ile isiyolipwa. Benki Kuu ya Tanzania hutaka isizidi asilimia 5 ya mikopo yote. Ikiwa ya benki yako ni asilimia 20 na inapanda kila robo, kuna jambo. Tazama uwiano wa ukwasi, ambao Kenya na Tanzania sheria inataka usishuke chini ya asilimia 20. Kisha tazama mtaji dhidi ya kiwango cha chini kilichowekwa, kwa kuwa hesabu zenyewe huonyesha ziada au upungufu. Na mwisho, mikopo waliyopewa wakurugenzi, wanahisa na wafanyakazi. Chase ilipochapisha upya hesabu zake za 2015, mikopo ya watu wa ndani ikaonekana kuwa mikubwa mno kuliko ilivyoandikwa awali, na mwenyekiti na mkurugenzi mtendaji wakaachia ngazi. Siku iliyofuata benki ikafungwa. Benki inayochapisha mara mbili hesabu za mwaka uleule inakuambia kitu.

Hata hivyo nisikudanganye. Kurasa hizo hizo zilionyesha Imperial ikiwa nzima. Hesabu zikighushiwa na mkaguzi akapitisha, wewe na miwani yako hamtaona kitu. Ndiyo maana naweka kugawa fedha mbele ya kusoma hesabu. Dalili nyingine ninayoiheshimu haimo gazetini kabisa: benki inayotoa riba ya amana iliyozidi wenzake kwa mbali. Benki yenye fedha haina haja ya kuzinunua kwa bei ya kutupa.

Na uvumi je? Aprili 2016 ujumbe wa simu ulisaidia kuikausha Chase kwa siku mbili tatu. Machi 2023 kule Marekani wateja wa Silicon Valley Bank walijaribu kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja, wengi wao wakiwa wameketi na simu mkononi, na kesho yake ikafungwa. Mwenye fedha zake zote chini ya kikomo hana haja ya kukimbia. Abaki nyumbani, asisambaze ujumbe. Mwenye kuzidi kikomo namwelewa akihamisha kinachozidi, na simwoni msaliti, ila ahamishe kimyakimya kwenda benki nyingine, si chini ya godoro.

Tuseme tangazo limebandikwa. Chukua taarifa ya akaunti mara moja ikiwa bado inapatikana kwenye simu au intaneti, ihifadhi na uichapishe. Hakikisha jina, namba ya kitambulisho na anwani zilizoko benki ni sahihi, maana fidia nyingi hukwama kwa jina lililoandikwa vibaya. Wajulishe wote uliowapa hundi zako kabla hazijarudi, na mwajiri wako abadilishe akaunti ya mshahara siku hiyohiyo. Fuata matangazo ya Benki Kuu na bodi ya bima ya amana yenyewe, na angalia tarehe ya mwisho ya kuwasilisha madai. Kama mwenye akaunti amefariki, warithi waanze taratibu za mirathi mapema, wasingoje mgao utangazwe. Atakuja mtu kukuahidi kuharakisha malipo kwa ada, au kukununulia dai lako kwa nusu bei. Wa kwanza ni tapeli. Wa pili huenda anajua jambo usilolijua.

Limebaki suala la serikali kutumia kodi kuokoa benki. Tumelipitia. Tanzania, benki ya NBC ya zamani ilikopesha mashirika ya umma na vyama vya ushirika ambavyo havikulipa, serikali ikabeba madeni hayo mabovu, na mwaka 1997 benki ikagawanywa, ndipo tukapata NMB. Kenya ilitoa hatifungani za shilingi bilioni 20 mwaka 2007 kufidia madeni ya mashirika ya umma yaliyokuwa yakiizamisha National Bank, na miaka kumi na miwili baadaye benki hiyo bado ilihitaji kununuliwa na KCB. Maoni yangu ni kwamba uokozi wa kodi unakubalika pale tu wenye hisa wanapopoteza kwanza na waliokopa bila kulipa wanapotajwa. Uganda, Bunge lilipochunguza mwaka 2018 na 2019 jinsi benki saba zilivyofungwa, Crane Bank ikiwamo, lilikuta hata kumbukumbu za maamuzi hazijakamilika. Mwananchi anayelipia uokozi ana haki ya kuziona kumbukumbu hizo.

Basi chukua karatasi jioni hii. Andika kila benki uliyo na fedha, kiasi, na deni lako hapo. Linganisha kila mstari na kikomo cha nchi yako. Kinachozidi, kihamishe wiki hii, wakati milango iko wazi na hakuna anayekimbia.